Reli Ndani ya Mji wa Kale: Gari la Moshi la Bububu na Somo Lake Kwetu



Leo hatuzungumzii shela wala mikato ya mabaibui. Tunaomba mtuvumilie tuzungumze kuhusu reli, tena reli ya kupita mjini, ile inayoitwa tramu. Sisi ni mafundi wa nguo wa Mkunya, Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, na tunajua mtauliza, fundi cherehani na reli wapi na wapi? Jibu letu ni hili. Nguo za harusi tunazoshona huvaliwa mpaka huko visiwani, na kila mzigo wetu unapofika Unguja, mwisho wa safari huwa ule ule: gari haliingii. Linaishia Darajani au Forodhani, na kutoka hapo ni miguu. Bi harusi naye hushushwa mbali, akashika pindo la nguo yake huku somo wake akimkinga na bodaboda.

Ndiyo maana mazungumzo ya usafiri wa Mji Mkongwe yanatuhusu. Wapo wanaosema mji uachwe kama ulivyo, na wapo wanaosema uwekewe reli nyepesi kama miji ya Ulaya. Kabla ya kuchagua upande, ni vizuri kujua kwamba Unguja ilikwisha kuwa na reli, na si mara moja, mara mbili. Wengi wetu hatukufundishwa habari hizi shuleni.

Reli ya Sayyid Barghash

Sayyid Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 mpaka alipofariki mwaka 1888. Huyu ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyeleta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Kwa mama zetu wa wakati ule, maji yale yalikuwa neema kubwa kuliko jumba lolote. Sisi wa Newala tunalielewa jambo hilo bila kuambiwa, maana bibi zetu walikuwa wakishuka ukingo wa mwinuko kufuata maji bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani.

Mwaka 1879 Sayyid Barghash alijenga reli ndogo kutoka mjini kwenda kwenye kasri yake ya Chukwani, safari ya kama maili 7. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Ilikuwa reli ya mtawala na watu wake. Haikwenda sokoni, haikupeleka mtoto chuoni, haikumbeba mkulima wa karafuu. Alipofariki mwenyewe, reli nayo ikafa. Njia na injini vikauzwa kuwa vyuma chakavu.

Hapo kuna somo la kwanza. Kitu kinachojengwa kwa ajili ya mtu mmoja huzikwa naye. Kilichokuwa cha watu wote, kama yale maji, kiliendelea kuhudumia mji.

Gari la Bububu

Reli ya pili ilikuja mwaka 1905. Waliojenga walikuwa kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney & Co., na njia yake ilitoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, ikapita Malindi na kuelekea kaskazini mpaka Bububu, tena maili 7 hivi. Wengi husema jina la Bububu limetokana na mlio wa lile garimoshi. Ni maneno matamu lakini si kweli. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliwahi kuishi Bububu, na aliitaja kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Wakati huo gari la Bububu lilikuwa bado halijaja.

Ukitazama picha na kadi za posta za miaka ile, utaona injini inapita katikati ya mtaa, nyumba huku na huku, watu wamesimama milangoni. Hakuna njia ya miguu, hakuna kizuizi. Mtoto akitoka mlangoni anakutana na chuma. Injini ya mvuke nayo haina adabu ya mtaa: inatoa moshi, inatoa cheche, inapiga kelele. Mwanamke aliyeanika nguo darini ilibidi azifue upya, na barazani, mahali pa kusukia ukili na kupeana habari, mazungumzo yalikatika mpaka gari lipite.

Hata hivyo tusiidharau. Gari lile lilibeba watu wa kawaida. Watu wa mashamba waliingia mjini na mazao yao na kurudi siku ile ile. Wageni walioshuka melini walipanda ili kwenda kuona mikarafuu na minazi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na chombo cha umma kinachounganisha mji na shamba, na nauli yake ilijulikana.

Mwaka 1911 serikali iliinunua. Lakini barabara zikatengenezwa, na magari ya petroli yakaanza kuja. Gari la petroli lilikuwa na jambo moja ambalo reli ile haikuwa nalo: liliweza kumfuata abiria alipo. Katika miaka ya 1920 reli ikaacha kubeba abiria, ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari. Kufikia mwaka 1930 hadithi yake ilikuwa imekwisha.

Na hapa kuna jambo ambalo dada zetu mtalipenda. Ngome Kongwe, ambayo wakati wa reli ilitumika kama karakana na ghala la vifaa, miaka ya 1940 ilitengenezwa ikawa na klabu ya wanawake. Mahali palipokuwa na grisi na nyundo pakawa mahali pa akina mama kukutana na kucheza bila kutazamwa na wapita njia. Leo ukiingia pale hutaona alama yoyote ya gari la moshi. Mji wa kale hupokea, hutumia, kisha hugeuza. Lakini hugeuza vile tu ambavyo havijauvunja.

Troli za Mombasa na reli yetu ya kusini

Unguja haikuwa peke yake. Mombasa, kuanzia miaka ya 1890, kulikuwa na reli nyembamba sana iliyopita kati ya mji wa kale na Kilindini. Juu yake zilipita troli, vigari vidogo vyenye kiti na kivuli, na nyuma yake wanaume wawili wakisukuma kwa mikono. Wakubwa wa serikali walikuwa na troli zao na njia ya pembeni mpaka mlangoni kwao. Mzungu alikaa kivulini, Mswahili alisukuma juani. Ilikuwa teknolojia ya reli, lakini nguvu ilikuwa ya mgongo wa mtu. Magari yalipokuja, troli nazo zikatoweka.

Kusini yetu, ng'ambo ya Ruvuma, mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, ulikuwa na tramu za umeme tangu mwaka 1904. Zikaondolewa mwaka 1936. Kwa hiyo hakuna cha kushangaza kwamba Zanzibar iling'oa reli yake. Karibu dunia nzima ilifanya hivyo. Kati ya miaka ya 1930 na 1960 miji mingi iliamini kwamba gari dogo na basi vimemaliza kila kitu.

Sisi wa Masasi na Newala nasi tuna reli yetu iliyokufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947. Nachingwea ikafyekwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, pamoja na tawi lililofika Masasi. Mpango wa karanga ulivunjika mapema, mwaka 1951. Reli ikabaki inatafuta mzigo mpaka ilipofungwa mwaka 1962 na vyuma kung'olewa. Wazee wa Masasi bado wanaweza kukuonyesha tuta lilipopita.

Tunaitaja kwa sababu moja. Reli ya Bububu ilipita palipokuwa na watu wengi lakini haikuwaheshimu. Reli ya karanga ilijengwa kwa heshima zote za wahandisi, lakini kwa ajili ya zao ambalo halikuota. Zote mbili zilikosa kipimo. Sisi mafundi tunajua: kitambaa kizuri hakiokoi nguo iliyokatwa bila kumpima mvaaji.

Kwa nini tramu zimerudi

Sasa tuje kwenye zama zetu. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 miji mingi yenye historia ilianza kurudisha reli. Sababu ilikuwa rahisi. Magari yaliziba mji. Moshi wake ulichafua kuta za kale, na uwanja wa mbele ya kanisa au msikiti ukageuka maegesho. Tramu moja ya urefu wa mita 30 au 40 hubeba watu kati ya 200 na 300. Ukiwaweka watu hao kwenye magari madogo, barabara nzima imejaa.

Strasbourg, Ufaransa, ilikuwa imeondoa tramu zake mwaka 1960. Mwaka 1994 ikazirudisha kwa namna mpya. Sakafu ya behewa iliteremshwa chini sana, karibu na usawa wa kituo, ili mama mwenye kigari cha mtoto, mzee mwenye mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu waingie bila kupanda ngazi. Wakati huo huo magari ya kupita tu yaliondolewa katikati ya mji. Tramu haikuongezwa juu ya msongamano. Ilichukua nafasi ya msongamano.

Bordeaux, huko huko Ufaransa, walikuwa na tatizo jingine. Tramu hutumia umeme wa nyaya za juu, na nyaya hizo zinahitaji nguzo. Wenyeji hawakutaka nguzo na nyaya mbele ya majumba yao ya kale. Mwaka 2003 walifungua njia ambayo katikati ya mji haina nyaya. Umeme unatoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa ardhini, iliyokatwa vipande vipande, na ni kile kipande kilichofunikwa na tramu peke yake ndicho chenye umeme. Ukikanyaga kingine, hakuna kitu. Siku za mwanzo mitambo ilisumbua sana na safari zilikatika mara nyingi, lakini walivumilia wakairekebisha. Mwaka 2007 sehemu kubwa ya mji ule ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tramu ikiwa ndani yake. Nice nao, mwaka huo huo wa 2007, waliamua tramu ivuke uwanja wao mkuu kwa betri, halafu ishike waya tena ng'ambo ya pili.

Kwa sisi Waislamu mifano ya karibu zaidi iko Morocco, Uturuki na Dubai. Rabat ilizindua tramu mwaka 2011, ikiunganisha na Salé, mji wa ng'ambo ya mto. Njia inapita kandokando ya kuta za mji mkongwe. Haikutoboa ukuta na haikuingia vichochoroni. Unashuka nje ya lango, unaingia kwa miguu kama walivyoingia babu zao. Mwaka mmoja baadaye, 2012, Rabat nayo ikaingia kwenye orodha ya UNESCO.

Istanbul ina historia ndefu zaidi. Tramu za kuvutwa na farasi zilianza mwaka 1871, za umeme zikaja mwaka 1914. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya wanawake iliyotengwa kwa pazia, na pazia hilo lilidumu mpaka mwanzo wa miaka ya 1920. Tramu zikaondolewa miaka ya 1960, zikarudi miaka ya 1990, na leo zinapita karibu kabisa na Ayasofia na msikiti wa Sultan Ahmed. Dubai ilifungua yake Novemba 2014. Haina nyaya za juu njia nzima, na ndani ina sehemu ya wanawake na watoto.

Tunawaambia haya kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba mambo ya kisasa na sitara haviendani. Historia inasema watu walilifikiria jambo hili mapema sana, tangu enzi za farasi. Anayepanga usafiri anaweza kumfikiria mwanamke tangu mwanzo, au anaweza kumsahau. Ni uamuzi tu.

Mji Mkongwe ungepimwaje?

Tuseme leo kuna mtu amesimama na tepu yake Unguja. Apime nini?

Kwanza, upana. Tramu ya kawaida ina upana wa mita 2.40 au 2.65. Njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, zinataka zaidi ya mita 6, bado hujaweka sehemu ya watu kutembea. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havifiki hata mita 3. Kwa hiyo jibu la ndani ya vichochoro ni hapana, na hakuna haja ya kulijadili sana.

Pili, kona. Behewa refu la chuma haligeuki kama bajaji. Linahitaji kona pana, nusu kipenyo cha mita 20 au zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kona kwa kona, nyingine zikiegemeana. Kupata nafasi hiyo ni kubomoa.

Tatu, mtikisiko. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinakaa juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unapumua; unanyonya unyevu na kuutoa. Lakini ukitikiswa kila baada ya dakika 5, miaka nenda miaka rudi, chokaa kinaachia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Jumba lile halikuangushwa na reli, lakini limetuonyesha hali halisi ya kuta zetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe umekwisha kusema. Miji mingine hulaza reli juu ya tabaka la mpira ili kupunguza mtikisiko, na inasaidia. Bado ni lazima kila nyumba ikaguliwe kabla ya chuma kulazwa, si baada.

Nne, yaliyo chini ya ardhi. Hili ndilo lililowatesa watu wa Edinburgh, Scotland. Mji wao wa kale nao uko kwenye orodha ya UNESCO. Walipochimba ili kulaza reli, walikuta mabomba na nyaya za miaka mingi ambazo hazikuwa kwenye ramani. Kazi ikachelewa kwa miaka, wafanyabiashara wa mtaa mkuu wakalia, na tramu ilipoanza mwaka 2014 gharama ilikuwa imefika pauni milioni 776, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya awali. Upande wa Leith walikuta hata makaburi ya zamani. Sasa fikiria Unguja, ambako makaburi yako pembeni ya misikiti na kati ya nyumba. Nani atawaamuru wafukue? Swali hili si la mhandisi peke yake. Ni la masheikh na la familia.

Tano, mwinuko. Tramu hupanda mlima kwa shida. Kwa kawaida huishia mwinuko wa asilimia 6 mpaka 8. Unguja mjini ni tambarare, hapo hakuna tabu. Huku kwetu Newala, ukisimama Shimo la Mungu ukatazama chini, utaelewa kwa nini hakuna atakayetuletea tramu, na hatumlaumu.

Ukijumlisha vipimo hivyo vyote, jibu ni kama la Rabat: pembeni, si ndani. Na Mji Mkongwe kwa bahati una pembeni yake. Upande mmoja kulikuwa na kijito cha maji ya bahari kilichoutenga na Ng'ambo. Kijito kikafukiwa, na juu yake pakawa na barabara ambayo wazee wanaiita Creek Road na serikali inaiita Barabara ya Benjamin Mkapa. Ni pana, inapita Darajani penye soko, na inagusa mji wa kale na Ng'ambo kwa pamoja. Chombo chochote cha kubeba watu wengi, kiwe tramu au basi refu, mahali pake ni hapo.

Kununua ni siku moja, kutunza ni kila siku

Afrika Mashariki tumekwisha jaribu. Addis Ababa ilizindua reli nyepesi ya mjini Septemba 2015, njia mbili, jumla ya kilomita 34 hivi, na treni 41. Watu walifurahi, maana nauli ilikuwa ndogo sana. Lakini vipuri vinatoka mbali na vinataka fedha za kigeni, na nauli ile ndogo haikutosha kuvinunua. Ndani ya miaka michache treni nyingi zilisimama, zikabaki chache zinazotembea. Tena njia yenyewe ilizungushiwa uzio katikati ya barabara, mama akitaka kuvuka kwenda sokoni azunguke mbali.

Dar es Salaam ilichagua mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni na Gerezani. Barabara yao ni ya peke yao. Faida ya basi ni kwamba likiharibika, la nyuma linalipita. Tatizo lililobaki, na kila mwanamke aliyepanda asubuhi analijua, ni kubanana. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa vitambaa mkononi hana pa kushika, na wapo wanaume wanaotumia msongamano huo vibaya. Barabara nzuri peke yake haitoshi kama mabasi ni machache.

Tunasema haya bila kumkatisha tamaa mtu. Tunasema ili tuulize maswali yanayotakiwa. Mwanamume akimposa binti, wazazi hawaulizi mahari tu. Wanauliza: utamlisha nini mwaka wa tatu? Na sisi, siku mtu akituletea picha nzuri ya tramu imesimama mbele ya Forodhani, tuulize: vipuri vitatoka wapi mwaka wa tatu? Nani atalipa? Usiku saa ngapi ya mwisho, na taa za kituo zitakuwa zinawaka? Pana sehemu ya mama na watoto? Mwenye duka dogo mtaani atakula nini miezi barabara ikiwa imechimbwa?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika miji mingi, usafiri mzuri ukifika kodi za nyumba hupanda. Mji Mkongwe umekuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tayari nyumba nyingi zimekuwa hoteli. Mji hauwi mji kwa sababu ya milango ya nakshi peke yake. Ni mji kwa sababu ya mama anayeuza maandazi alfajiri, watoto wanaokwenda chuoni na juzuu kifuani, na bi harusi anayetoka nyumba ile ile aliyotoka bibi yake. Reli ikija ikawaondoa hao, tutakuwa tumebaki na ganda. Isipokuja kabisa, na magari yakaendelea kubanana kila pembe, tutawaondoa hao hao polepole kwa moshi na kelele.

Haki ya njia

Dada zetu, tumefundishwa tangu tukiwa wadogo kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika imani. Tumefundishwa pia kwamba njia ina haki zake: kutomuudhi mpita njia, kuinamisha macho, kurudisha salamu. Mafundisho hayo yalikuja kabla ya injini, lakini mpangaji yeyote wa mji angeyafuata asingekosea sana. Gari la Bububu lilimnyima mtu wa mlangoni haki yake. Troli ya Mombasa ilimnyima msukumaji. Uzio wa Addis ulimnyima mvukaji. Chombo kizuri ni kile ambacho hata asiyekipanda hakimdhuru.

Na sisi wanawake tuna nafasi yetu. Mipango ya namna hii hupitia mikutano ya shehia, na huku kwetu mikutano ya kijiji na kata. Mara nyingi viti vya mbele wanakaa wanaume, sisi tunasikia habari jikoni baada ya mambo kwisha. Twendeni. Hatuhitaji kuwa wahandisi. Tunajua uzito wa mtoto mgongoni, tunajua kimo cha ngazi ambacho mama mjamzito hawezi kukipanda, tunajua ni kichochoro gani mwanamke hapiti baada ya Isha. Hivyo ni vipimo, na hakuna atakayevileta mezani kama sisi hatukuvileta.

Bi harusi mtarajiwa unayesoma haya, utahamia mtaa mpya karibuni, inshaallah. Pamoja na kuchagua rangi ya mapazia, uliza njia inayopita mbele ya mlango wako inakwenda wapi na nani aliipanga. Utaishi nayo kuliko utakavyoishi na mapazia.

Allah aihifadhi miji yetu na waliomo, awape wanaotupangia njia macho ya kuwaona wanyonge, na ajaalie safari zetu ziwe za kheri. Amin.